Sauti ya Bibi na mashine ya kunyoosha



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya kukausha ndagala wakati wa mvua. Mtusamehe, hiyo itangoja. Kuna jambo limetugawanya sisi tunaoandika ukurasa huu, tukabishana kikaoni hadi chai ikapoa kwenye vikombe, na tumeona afadhali tuwaletee.

Wengi mlimfahamu Bibi wetu wa Kalundu, yule aliyekaa mbele kwenye kila mkutano, miguu ameinyoosha juu ya mkeka. Jina lake hatuliandiki, familia imeomba hivyo. Alikuwa na wimbo wa kubembeleza watoto, kwa Kifuliiru, alioupata kwa mama yake kule milimani kabla ya kushuka ziwani. Wimbo huo hakuna aliyeuandika mahali popote. Basi tulichanga, kila mmoja franka alizoweza, tukampeleka studio moja hapa mjini ili sauti yake ibaki. Akakaa mbele ya mikro, akafunga macho, akaimba mara mbili. Halikuwa jambo la hata nusu saa.

Baada ya siku nne tukapewa flashi, tukaenda kumsikilizisha nyumbani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza: "Huyu anayeimba ni nani?"

Tulicheka. Tulidhani ni masikio ya uzee. Lakini mjukuu wake, binti anayesoma ng'ambo huko Bujumbura, hakucheka. Alirudisha wimbo mwanzo, akasikiliza tena, akasema: "Bibi ana haki. Huyu si yeye."

Tulirudi studio kuuliza. Kijana wa pale, mtoto mwenye adabu, hakuficha kitu. Alisema: "Mama, Bibi alikuwa anatoka kwenye nota. Nikamnyoosha." Tukamwomba basi atupe ile ya kwanza, isiyonyooshwa. Akasema ameifuta, ordinateri yake ilikuwa imejaa na kulikuwa na kwaya nyingine inangoja.

Bibi alitutoka kabla hatujapanga siku ya kumrudisha studio. Ndiyo sababu tunaandika.

Tulitaka kuelewa kwanza ni nini hasa kilifanyika, maana kulaumu bila kuelewa ni rahisi mno. Mjukuu alituelezea, nasi tukasoma kidogo kidogo. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Ordinateri haihifadhi sauti. Inahifadhi hesabu. Sauti ni hewa inayotikisika. Mikro inageuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka, na mashine inapima umeme huo umefika wapi, mara 44,100 kila sekunde, ikiandika namba moja kila mara inapopima. Kwa nini mara nyingi hivyo? Sikio la mtu kijana linasikia mitikisiko hadi 20,000 hivi kwa sekunde, na ili kukamata mtikisiko mmoja lazima uupime angalau mara mbili, akipanda na akishuka. Wimbo wa Bibi ulikuwa wa dakika tatu. Fanyeni hesabu: ni karibu namba milioni 8. Nyimbo za mama zetu zikiingia flashini, zinaingia kama daftari la namba, na mwenye daftari anaweza kubadilisha namba yoyote, kama karani anayerekebisha hesabu za duka.

Sasa, mashine inajuaje kwamba mwimbaji yuko juu au chini? Chukueni vipande viwili vya kikwembe kimoja, ua lile lile. Wekeni kimoja juu ya kingine, halafu msukume cha juu taratibu upande mmoja. Maua yanapotea, yanachanganyika, na ghafla yanapatana tena. Umbali mliosukuma ndio umbali kati ya ua na ua. Mashine inafanya hivyo hivyo. Inachukua kipande kidogo cha sauti, inakiweka juu ya nakala yake, inasukuma mpaka mchoro upatane. Maua yakiwa karibu karibu, sauti ni ya juu. Yakiwa mbali, ni ya chini. Mwanamke akiongea, nyuzi za koo lake hutikisika kama mara 200 hivi kwa sekunde, mwanamume karibu nusu yake.

Aliyeiingiza hesabu hiyo studioni ni Mmarekani Andy Hildebrand. Kabla ya muziki alikuwa fundi wa kutafuta petroli: wanapiga mshindo juu ya ardhi, wanasikiliza mwangwi unaorudi kutoka chini, na kwa hesabu wanajua miamba imekaaje. Mwenyewe husimulia kwamba siku moja mezani, mke wa mwenzake mmoja alitania: kwa nini usinitengenezee kisanduku cha kunifanya niimbe vizuri? Mwaka 1997 kisanduku kikatoka, kikaitwa Auto-Tune. Ni programu. Inapima mwimbaji yuko wapi, inatafuta nota ya piano iliyo karibu naye, inamsukuma hadi pale. Mwaka uliofuata mwimbaji Cher aliitumia kwa nguvu katika "Believe" mpaka sauti ikawa kama ya chuma, na watu wakaipenda hivyo. Sisi wenyewe tunaisikia kila siku kwenye nyimbo zinazopigwa baani na kwenye pikipiki za taksi. Hatuna ugomvi nayo. Vijana wa kwaya wanaitaka, wanailipia, na kijana wa studio anafanya kazi anayoombwa kila siku.

Shida iko kwenye yale maneno "nota ya piano iliyo karibu".

Mnajua wanaume na wanawake wanavyoimba wimbo mmoja kanisani, sauti ile ile lakini wanaume chini, wanawake juu. Kutoka ile ya chini hadi ndugu yake wa juu, piano ina hatua 12 zilizo sawa. Mwingereza mmoja, Alexander Ellis, katika miaka ya 1880 alikata kila hatua vipande 100, akaviita senti. Jumla 1,200. (Senti hizi hazinunui ndagala, msijisumbue.) Piano ni ngazi: unakanyaga kwenye 300 au kwenye 400, katikati hakuna pa kuweka mguu. Koo la mtu ni mteremko wa kwenda ziwani. Unaweza kusimama popote.

Na Bibi alikuwa anasimama wapi? Hapo bahati ilitusaidia. Mmoja wetu alikuwa amemrekodi kwa telefoni siku ya mazoezi, nyumbani, mvua ikipiga juu ya manjanja. Rekodi mbaya, tulikuwa tumeisahau. Mjukuu akachukua ile programu ndogo ya telefoni ambayo wapiga gitaa hutumia kukazia nyuzi, akaipitisha juu ya rekodi hiyo. Nota moja, ile anayoirudia mwisho wa kila mstari, haikuwa 300 wala 400 juu ya nota yake ya chini. Ilikuwa karibu katikati. Mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu, mpaka mwisho wa wimbo: pale pale. Mtu anayekosea hukosea huku na kule. Mtu anayerudi mahali pale pale kila mara anajua anakokwenda.

Mashine ilimsukuma hadi 400. Wimbo wa kubembeleza ukawa kama wimbo wa shule ya Jumapili. Bibi alisikia hilo bila programu yoyote.

Tulitaka kujua kama ni yeye peke yake, na jibu tulilikuta mbali. Kule Tervuren, karibu na Bruxelles, Ubelgiji, kuna Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Wazungu waliokuja kwetu na mashine za kurekodi, tangu enzi za mitungi ya nta karibu mwaka 1910, walipeleka huko sauti walizozikusanya: Kongo, Rwanda, Burundi na kwingine. Ni saa 3,000 hivi za muziki. Miaka ya 2000 zilianza kugeuzwa kuwa namba, kabla nta na kanda hazijaoza, na watafiti wa mji wa Gand wakajiuliza namna ya kuzipanga. Programu nyingi za kuchambua muziki zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya piano. Ukiipa wimbo wa kijijini, programu inafanya alichofanya kijana wetu: inausukuma kwenye hatua 12, halafu inakuambia umepotoka.

Kwa hiyo walianza upya. Mwaka 2009 Dirk Moelants, Olmo Cornelis na Marc Leman walionyesha njia ya kupima kila sauti kwa senti bila kuisukuma popote, halafu kuangalia ni wapi sauti zinarundikana. Fikirini njia ya vumbi baada ya soko: hujui aliyepita, lakini unaona pale nyayo zilipo nyingi. Nyayo hizo ndizo nota za wimbo wenyewe, kwa kipimo chake wenyewe. Miaka miwili baadaye Joren Six na Cornelis wakatoa programu ya kazi hiyo, Tarsos, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure.

Walikuta kwamba muziki huu haufuati ngazi moja. Na wakakuta jambo jingine lililotufanya tunyamaze kidogo tulipolisoma: rekodi za zamani zina hatua za namna nyingi, za karibuni zina hatua zinazofanana zaidi, kuelekea zile za kizungu. Ni nani amefanya hivyo? Hakuna aliyetoa amri. Piano za kanisani, gitaa, radio, shule. Mmoja wetu alikumbusha kwamba hata sisi tulipokuwa wasichana kwenye kwaya, tulikuwa tunachapwa kidole kwa "sauti ya kijijini". Basi kunyoosha hakukuanza na ordinateri. Ordinateri imeharakisha tu.

Angalieni lakini: mashine ya Gand na mashine ya studio zinaanza kwa hesabu za aina moja. Zote mbili zinauliza, mwimbaji yuko wapi? Moja inaandika jibu na kuacha. Nyingine inaandika jibu, halafu inamhamisha mtu.

Wala ile ya kupima isidhaniwe kwamba inasikia kama sisi. Wale wenye ndugu Burundi wanajua inanga ya kunong'ona: mzee anapiga inanga yake kubwa ya mbao na wakati huo huo anasimulia kwa mnong'ono. Mnong'ono hauna nota. Nyuzi za koo hazitikisiki, ni pumzi tu. Ukiweka rekodi kwenye ordinateri na kuangalia mchoro wake, kwenye mnong'ono huoni nota, unaona kama vumbi. Lakini mkisikiliza, mtaapa kwamba mzee anaimba. Mtafiti Cornelia Fales alichunguza jambo hili kwa miaka, akaonyesha kwamba sikio linachukua nota za inanga na kuivisha ile pumzi. Wimbo unatengenezwa ndani ya kichwa cha msikilizaji. Nusu saa ya barabara kutoka Kavimvira, mambo mazuri hivyo, na sisi tunaishia kununua samaki na sabuni.

Turudi kwa Bibi. Tulikuwa na vitu viwili mkononi: rekodi safi ambayo si yeye, na rekodi ya mvua ambayo ni yeye. Na familia ilikuwa inaomba wimbo upigwe siku ya kumaliza matanga.

Hapo ndipo tulipobishana. Wengine kati yetu walisema: watu watakuwa wengi, kuna bafle kubwa, wageni wanatoka Baraka na Sange, mnataka wasikie mvua? Watasema chama chetu hakikuwa na pesa. Safi ipigwe, nani atajua hizo senti? Wengine wakasema: Bibi mwenyewe aliuliza ni nani anaimba, na sisi tumpigie mtu asiyemjua kwenye matanga yake? Mmoja aliondoka kikaoni kwa hasira, hatusemi ni nani, amesharudi.

Binti mkubwa wa marehemu ndiye aliyeamua: ya mvua. Lakini aliomba ipunguzwe mvua kama inawezekana.

Tukarudi kwa kijana yule yule. Tuseme ukweli wake: alikubali bila malipo. Alitueleza kwamba mwanzoni mwa rekodi kuna sekunde chache kabla Bibi hajafungua kinywa, mvua peke yake. Mashine inajifunza mvua hiyo ina nguvu kiasi gani kwenye sauti za chini, za kati na za juu, halafu inaitoa kwenye wimbo mzima, kama unavyopima chungu kitupu kwanza ili ujue uzito wa chakula. Mvua juu ya manjanja, bahati mbaya, imesambaa kila mahali, juu na chini, na pumzi za Bibi na herufi zake za "s" ziko humo humo. Alipoitoa yote, sauti ilianza kulia kama iko ndani ya maji. Akarudisha nyuma, akaondoa theluthi tu. Safari hii alihifadhi nakala ya kwanza. Tulimsimamia.

Jambo moja bado lilitutesa: tulikuwa tumeshatumiana rekodi hiyo kwa ujumbe wa sauti, mara tatu nne, kutoka kundi hadi kundi. Ujumbe wa sauti unabanwa ili usimalize mega. Mashine inatupa kile inachodhani sikio halitakisikia, hasa sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa iliyo karibu nayo. Ikirekodiwa upya kutoka telefoni moja hadi nyingine, inatupwa tena na tena. Na sauti ya mwanamke anayeimba peke yake bila ala ndiyo iliyowatesa hata waliotengeneza MP3 kule Ujerumani: Karlheinz Brandenburg alipojaribu hesabu zake kwa wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", ambao ni sauti yake tu, ulitoka umeharibika vibaya. Ikabidi arekebishe kazi yake huku akiusikiliza wimbo huo mara nyingi sana. Kwa ala nyingi makosa yanajificha; sauti moja tupu haifichi kitu. Tukatafuta telefoni ya kwanza kabisa, iliyorekodi, tukachukua faili kwa waya.

Siku ya matanga ilipigwa hiyo. Baadhi ya wageni walitazama juu ya hema kuona kama mvua imeanza.

Faili zote tatu zipo sasa kwenye flashi mbili, moja kwa familia, nyingine kwenye sanduku la chama, na kila moja imeandikwa ni ipi: ya mvua, ya mvua iliyopunguzwa, ya studio. Ile ya studio hatukuifuta. Wajukuu wengine wanaipenda, na ni haki yao.

Sasa kazi. Wengi wenu mna kaseti za mama zenu, za harusi, za kwaya za zamani, chini ya kitanda. Jumamosi ijayo baada ya mkutano, zileteni. Tumepata radio moja ya kaseti inayofanya kazi na waya wa kuiunganisha na ordinateri. Kaseti zilizolowa maji ya Mulongwe mwezi wa 4 mwaka 2020 msizitie kwenye radio yoyote kwanza. Kama zina matope, suuzeni kwa maji safi, kausheni kivulini, si juani wala karibu na mbabula, na mzilete hivyo hivyo. Andikeni jina la anayeimba, mahali, na lugha. Kama mama huyo yu hai, aje naye asikilize.

Na mkienda studio yoyote, semeni kabla ya kuimba, si baada: tunataka kwanza faili kama ilivyotoka kwenye mikro, bila kunyooshwa, tutoke nayo siku hiyo hiyo. Leteni flashi yenu. Kama anataka kunyoosha, anyooshe nakala.

Kuhusu Tervuren, tumeanza kuandika barua kuuliza kama kuna sauti za Uvira na za milima ya Bafuliiru na Bavira humo. Rwanda imekwisha kupewa nakala za maelfu ya rekodi zake. Anayejua kuandika Kifaransa cha ofisini kuliko sisi, ajitokeze. Barua yetu ya kwanza ina makosa na tunaona aibu kuituma.

Ndagala ni juma lijalo.